Mahari katika Hadithi za Zamani: Neno juu ya Kitabu cha Aniceti Kitereza

Katika masomo ya Ndoa wafratri wetu wanapenda kutafuta mifano ndani ya vitabu vya hadithi. Ni desturi njema. Lakini nimeona kwamba mifano ile inaletwa kwa namna mbili tu. Wengine wanasoma habari za posa za zamani, halafu wanasema: Tazameni, mababu walikuwa wakiuza mabinti zao kama mbuzi. Wengine wanasoma habari zile zile na kusema: Tazameni, zamani kila kitu kilikuwa na utaratibu wake, sisi ndio tulioharibu. Wote wamesoma upesi mno. Kwa hiyo nataka kusema juu ya kitabu kimoja kinachowakatalia hawa na wale, kisha nikilinganishe na vingine viwili vinavyopatikana kwa Kiswahili.

Kitabu chenyewe ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi ni Aniceti Kitereza, mtu wa kisiwa cha Ukerewe katika ziwa Victoria, aliyezaliwa 1896 na kufa 1981. Huyu si mgeni kwetu. Alisoma seminari ya Rubya kwa Mapadri Weupe, akarudi kwao akawa mkatekista, akaoa, akakaa karibu na misioni ya Kagunguli. Padri Almas Simard, Mkanada, ndiye aliyemtia moyo aandike. Aliandika kwa Kikerewe, maana aliogopa lugha ya kwao na desturi zake zisipotee, akamaliza 1945. Hakuna aliyetaka kukichapa. Mwisho alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980, yaani miaka 35 baada ya kukamilika. Wafratri wanaolalamika kwamba makala yao yanakawia kutoka wakumbuke hayo.

Habari inayosimuliwa ni ya zamani, kabla Wazungu hawajafika Ukerewe. Hakuna padri ndani yake, hakuna Bwana Shauri, hakuna shule. Hapa mwandishi amefanya kazi ya imani nzuri: ingawa ni mkatekista, hakumweka mtu yeyote wa kuhubiri kwa niaba yake. Anawaacha Wakerewe wa zamani waseme kwa akili zao wenyewe.

Sasa tuje kwenye mahari. Waandishi wengi wakitaka kuonyesha mahari wanaanza siku ya posa. Wanaleta wazee, mikeka, pombe, hesabu ya ng'ombe, vigelegele. Kisha mambo yamekwisha. Kitereza haanzi hapo. Anaanza siku ndoa inapovunjika. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini mtoto hakai. Jamaa ya bwana wanamtukana mke juu ya utasa. Maneno yanafika kwa wazazi wake, Namwero na Nkwanzi, nao wanakuja kumchukua binti yao na kumrudisha nyumbani. Hapo ndipo msomaji anafahamu mahari ni nini. Kumbe mali iliyotolewa haikumfanya Bugonoka kuwa kitu cha ukoo wa mume. Baba yake bado ana neno. Mke aliyetukanwa ana mahali pa kurudi, na aliyemtukana ana wa kumjibu. Je, mtu aliyeuza mbuzi yake sokoni anaweza kuenda kuidai kwa sababu mnunuzi ameitukana?

Halafu inafuata sehemu ninayoihesabu kuwa bora kuliko zote. Myombekere amebaki peke yake, na Kitereza anatuonyesha taabu ya mwanaume asiye na mke: nani atamsagia, nani atampikia, nani atampokea mgeni? Tulipoisoma sehemu ile kwa sauti jioni moja pamoja na wakatekista, mzee mmoja wa Masisi alicheka mpaka akatokwa machozi, akasema mtu huyo ni jirani yake. Basi Myombekere anaenda ukweni pamoja na watu wa kumsindikiza. Anajishusha, anaomba. Wakwe hawamfukuzi, lakini wanamtoza faini ya pombe ya ndizi, vibuyu vingi. Yeye si tajiri wa migomba. Lazima apite kwa rafiki na majirani, aombe ndizi, aombe mikono ya kusaidia. Mwandishi anaeleza utengenezaji wa pombe ile hatua kwa hatua, hata mtu asiyeijua kasiksi angeweza kujaribu. Msomaji mwenye haraka anachoka hapa. Mimi nasema asiruke. Katika kurasa zile ndefu kijiji kizima kinaingia katika ndoa ya watu wawili. Kila aliyetoa ndizi amekuwa shahidi kwamba mke huyu anatakiwa na mume wake. Pombe inapofika ukweni, si mali tu inayofika.

Je, basi zamani ilikuwa njema? Wale wa pili wasifurahi upesi. Angalieni tena nani anasema na nani ananyamaza. Bugonoka anampenda mume wake. Hakuomba kuchukuliwa. Baba yake anamtoa, naye anatii. Anarudishwa kwa vibuyu ambavyo hakupanga yeye idadi yake. Mlango ule ule wa nyumba ya baba unaomkinga na matusi ndio unaomfungia. Kitereza halifichi jambo hilo, wala halipigii kelele. Anatuonyesha tu mwanamke ambaye moyo wake uko upande mmoja na miguu yake inapelekwa upande mwingine. Kanuni ya 1057 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inasema kwamba ukubali wa mume na mke ndio unaofanya ndoa, na hakuna uwezo wa kibinadamu unaoweza kushika nafasi yake. Nadhani mwanafunzi anayesoma kanuni ile pamoja na habari ya Bugonoka ataielewa vizuri kuliko kwa maelezo yangu ya darasani.

Kosa moja la kitabu nitalisema. Mwandishi anapenda sana kufundisha desturi, na mara nyingine hadithi inasimama wakati yeye anaeleza salamu na adabu. Katika pombe nimemtetea; katika salamu siwezi kumtetea kila mara.

Tulinganishe sasa. Chinua Achebe alitoa Things Fall Apart mwaka 1958, na Clement Ndulute alikitafsiri kwa Kiswahili kwa jina Shujaa Okonkwo, 1973. Humo, nyumbani kwa Obierika, mahari ya binti Akueke inapatanwa kwa vijiti vya ufagio. Hakuna anayetaja bei. Upande mmoja unatoa fungu la vijiti, upande wa pili unapunguza na kurudisha, mpaka wanasimama kwenye mifuko ishirini ya kauri. Tena wazee wale wanazidharau kabila jirani zinazobishana bei kama watu wanaonunua mbuzi sokoni. Ni sehemu fupi na safi. Lakini Akueke anaingia, anatazamwa, anatoka. Hesabu inafanywa yeye akiwa nje. Achebe ametuonyesha adabu ya mapatano kuliko mwandishi mwingine yeyote ninayemjua. Uzito wa mahari wenyewe hakuuonyesha hapo, maana tunaondoka siku ya furaha.

Kitabu cha tatu ni Vuta n'kuvute cha Adam Shafi, kilichotoka 1999 na kufanywa filamu mwaka 2021. Ni habari ya Zanzibar wakati wa utawala wa Waingereza. Msichana Yasmin, wa jamaa ya Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa kumzaa. Anakimbia. Jamaa yake mwenyewe wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mwafrika wa mtaa wa Ng'ambo. Shafi anaandika kwa moto, na maumivu ya binti tunayasikia vizuri sana. Lakini wazee wake ni kama ukuta tu. Hatujui wanaogopa nini. Mpe Yasmin baba kama Namwero, anayekuja kuuliza binti yake anatendewaje, na hadithi yote ingebadilika. Nyumba ya wazazi iliyomfungia Bugonoka ni hiyo hiyo ambayo Yasmin hana.

Haya yanatuhusu sisi wa Goma. Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 2016, katika kifungu chake cha 361 inataka bwana arusi na jamaa yake wapatane na wazazi wa binti juu ya mali au feza ya mahari. Kwa hiyo vijana wetu wakileta majina yao parokiani, mahari imekwisha kuzungumzwa, au imewashinda wanakaa pamoja bila ndoa. Vita vya tangu 1993 vilimaliza ng'ombe wa watu wengi huko Masisi. Ng'ombe wa mjini siku hizi hana pembe wala mkia: wanamtaja ng'ombe mdomoni, wanahesabu dola mkononi. Mimi silalamiki juu ya dola. Nalalamika kwamba sisi mapadri tunauliza swali moja tu, Mmemaliza mahari?, kama vile karani anauliza risiti. Hatuulizi nani atakayekaa kwenye mkeka siku bibi arusi anapotukanwa. Watu wengi wamefika mjini wakikimbia. Wajomba wako kambini, au ng'ambo ya mpaka, au wamekufa. Feza inatolewa kwa mtu mmoja aliyepatikana, na siku ya ugomvi mtu huyo haonekani.

Anayetaka kuanza kusoma, aanze kwa Kitereza, jalada la kwanza. Jalada la pili, la watoto Ntulanalwo na Bulihwali, linaweza kungoja likizo. Na pale Myombekere anapofika ukweni na vibuyu vyake, fratri aweke kidole katika ukurasa na kuuliza kama Bugonoka ameulizwa anataka nini.