Kopo la Nyanya za Italia: Namna ya Kulijua Lililo la Kweli

Kanuni ya kwanza ya kununua nyanya za kopo kutoka Italia ni kununua nyanya nzima. Achana na zilizokatwakatwa, zilizosagwa, na lile tope zito tunalolichota kwa kijiko ili mchuzi upate rangi. Nyanya iliyosagwa haina sura: huwezi kujua kama ilikuwa mbivu au ilichumwa ingali kijani upande wa kikonyo, wala kama ilitoka Italia au kwingineko. Nyanya nzima iliyomenywa, ambayo Waitalia huiita pelati, haina pa kujificha.

Kuna sababu ya kibiashara pia. Nyanya mbivu haivumilii safari. Ikishachumwa inatakiwa kufika kiwandani na kuingia koponi upesi, kabla haijaanza kuchacha, ndiyo maana viwanda vya pelati haviko mbali na mashamba. Tope la nyanya ni habari nyingine. Linaweza kufungwa kwenye mapipa huko Xinjiang, China, likavuka bahari hadi bandari ya Salerno, likaongezwa maji na chumvi, likatiwa katika vikopo vipya na kuuzwa nje ya Ulaya, Afrika ikiwemo, likiwa na maandishi kwamba limetengenezwa Italia. Biashara hiyo imefanyika kwa miaka mingi, mara nyingi bila kuvunja sheria, kwa kuwa kazi ya mwisho ya kiwandani ilifanyika Italia kweli. Anayetaka nyanya iliyolimwa Italia aanze basi na umbo ambalo ni vigumu kulisafirisha kutoka mbali.

Geuza kopo usome nyuma

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bendera ya rangi tatu, picha ya mlima Vesuvio na jina lenye mlio wa Kiitalia havithibitishi chochote. Mchapishaji yeyote wa lebo anaweza kuvichora. Habari iko nyuma, kwenye herufi ndogo, na maneno machache ya Kiitalia yanatosha kukupa mwanga.

Tafuta “origine del pomodoro: Italia” au “100% pomodoro italiano”. Maneno hayo yanataja nchi ambako nyanya ililimwa. “Prodotto in Italia” likiwa peke yake linakuambia kiwanda kiko wapi, basi. Tangu 2018 sheria ya Italia inataka bidhaa za nyanya zinazouzwa nchini humo zitaje nchi ya kilimo. Kwa hiyo kopo lililotengenezwa kwa ajili ya Waitalia wenyewe kwa kawaida husema wazi, na lile linalokwepa kusema huenda halikukusudiwa wao.

Kisha linganisha uzito wa aina mbili. “Peso netto” ni uzito wa vyote vilivyomo. “Peso sgocciolato” ni uzito wa nyanya zikishachujwa. Kopo la kawaida la gramu 400 huwa na nyanya gramu 240, na la gramu 800 huwa na gramu 480, yaani asilimia 60. Hicho ndicho kiwango cha chini kwa pelati za Italia. Chini ya hapo unalipia majimaji.

Orodha ya viungo inapaswa kuwa fupi: nyanya na juisi ya nyanya. Asidi ya sitriki kidogo haina neno. Huongezwa kulinda uchachu unaozuia vijidudu kuota. Jani la mrehani au chumvi ni hiari ya mtengenezaji, ingawa mpishi makini hupendelea kutia chumvi mwenyewe. Kinachotakiwa kukushtua ni “cloruro di calcio”, kloridi ya kalsiamu, au namba E509. Hutiwa ili nyanya iwe ngumu isivunjike, na ugumu huo haupotei jikoni: utapika nusu saa na vipande vitabaki vimesimama katikati ya sosi.

Mwisho kagua bati lenyewe. Kopo lililovimba liache hapo hapo hata kama limeshushwa bei, maana uvimbe ni dalili ya vijidudu vinavyotoa gesi, na baadhi ya sumu za makopo zinaua. Kubonyea ubavuni si hatari sana. Kubonyea kwenye mshono au kwenye ukingo wa kifuniko, au kutu iliyoingia ndani, ni sababu ya kulirudisha rafuni.

Jina kubwa: San Marzano

Nyanya inayotajwa kuliko zote ni San Marzano, ya bonde la mto Sarno katika mkoa wa Campania, kati ya Napoli na Salerno, kwenye udongo uliorutubishwa na majivu ya volkano. Ni ndefu na nyembamba, ina vyumba viwili au vitatu vya mbegu, mbegu zenyewe chache, na ganda linalomenyeka kwa urahisi. Mmea wake hutambaa juu ya miti na nyaya, na matunda hayaivi kwa pamoja, hivyo wachumaji hurudi shambani mara kadhaa kati ya Julai na Septemba, wakichuma kwa mkono. Hapo ndipo bei inapoanzia.

Mwaka 1996 Umoja wa Ulaya uliipa nyanya hiyo hadhi ya DOP, yaani jina linalolindwa kwa asili yake. Jina kamili kwenye kopo ni “Pomodoro San Marzano dell’Agro Sarnese-Nocerino D.O.P.” Pamoja na jina hilo inapaswa kuwepo alama ya Umoja wa Ulaya, muhuri wa duara wenye rangi nyekundu na njano, na nembo ya chama cha wazalishaji, ambacho hutoa namba kwa kila kopo. Alama ya duara yenye buluu na njano ni ya daraja jingine.

Kanuni za DOP zinaruhusu nyanya nzima zilizomenywa au zilizopasuliwa kwa urefu. Ukiona San Marzano iliyokatwa vipande vidogo au kusagwa huku ikijidai kuwa DOP, kuna walakini. Jihadhari vilevile na maneno ya kuzungusha: “aina ya San Marzano”, “mtindo wa San Marzano”, au neno “certified” la Kiingereza lisiloambatana na muhuri wala namba. Ulinzi wa Ulaya hauzuii kila kitu nje ya Ulaya. Marekani, kwa mfano, kuna makopo yenye jina hilo ambayo nyanya zake zililimwa huko huko, na hakuna aliyevunja sheria.

Ila muhuri unathibitisha asili, hauthibitishi ladha. Msimu wenye mvua nyingi kuliko kawaida huweza kutoa San Marzano halali iliyopooza.

Nzuri zisizo na muhuri

Nyanya ndefu nyingi za pelati za Italia hazitoki Sarno. Zinatoka uwanda wa Foggia, mkoa wa Puglia, ambako jua ni kali, mashamba ni mapana na mashine huvuna shamba zima kwa mkupuo. Kaskazini, maeneo ya Parma na Piacenza hulima zaidi nyanya za mviringo za kusagwa. Mutti, kampuni iliyoanza mwaka 1899, iko huko. Kopo la kawaida lenye nyanya za Puglia zilizoiva vizuri linaweza kulishinda kopo la DOP lililozembewa, tena kwa bei ya chini.

Bei ikiwa chini mno, nayo ina maelezo yake. Mashamba ya kusini mwa Italia yana historia ndefu ya wanyapara wanaowanyonya vibarua, wengi wao wahamiaji kutoka Afrika, hadi Italia ikatunga sheria kali dhidi ya unyapara huo mwaka 2016. Mnunuzi anayejali ana haki ya kujiuliza ni nani aliyelipia punguzo analopewa.

Fungua, mimina, bonyeza

Mtihani wa kweli unahitaji bakuli jeupe. Mimina kopo zima taratibu na utazame majimaji kwanza. Yanapaswa kuwa mazito na mekundu, yanayong’ang’ania ubavu wa bakuli. Yakijitenga, maji ya rangi ya waridi upande mmoja na chembechembe upande mwingine, umeuziwa maji.

Chukua nyanya moja. Itazame upande wa kikonyo: wekundu ufike hadi huko. Njano au kijani hapo, au kiini cheupe kigumu, ni ushahidi kwamba ilichumwa kabla ya wakati. Kipande kimoja viwili vya ganda si kosa, kwa sababu nyanya humenywa kwa mvuke na mashine haioni kila kitu; maganda yakijaa bakuli, kiwanda hakikujali. Sasa ibonyeze kwa vidole. Nzuri huachia bila ubishi, nyama ikafumuka kwa nyuzi laini na mbegu chache zikateleza nje. Ikirudi nyuma kama mpira, rudia kusoma viungo. Ikiyeyuka yote isibaki nyama, ilipikwa kupita kiasi ndani ya kopo.

Kisha ionje ikiwa mbichi, kabla ya chumvi. Utamu utangulie, uchachu ufuate na kuuweka sawa, na harufu iwe ya nyanya iliyoiva shambani. Ladha ya bati, ya sukari iliyoungua, au uchachu mtupu unaokunjisha uso, haitafichika mezani.

Jikoni na mfukoni

Pasha mafuta ya zeituni, tia kitunguu saumu kidogo, mimina nyanya ulizozivunja kwa mkono, tia chumvi na uache moto wa wastani kwa dakika ishirini. Nyanya nzuri hushikana, na mafuta hujitenga pembeni yakiwa na rangi ya machungwa. Mbovu hubaki vipande ndani ya maji, na mpishi huanza kutafuta sukari.

Sosi hiyo ya tambi, na piza, ndizo zinazostahili gharama. Mchuzi wa nazi, pilau au rosti iliyojaa bizari hauna haja ya San Marzano: viungo vitaifunika, na nyanya mbivu ya sokoni itafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kopo la bei liende pale ambapo nyanya ndiyo mlo wenyewe.

Katika maeneo yenye mikahawa ya Kiitalia, kama Malindi, ambako Waitalia wameishi kwa miongo mingi, wapishi wa piza hununua makopo ya kilo mbili na nusu. Waulize wanatumia lipi, kwa maana wao hufungua makopo kila siku na hasara ya kopo baya ni yao. Ukinunua kopo kubwa, kinachobaki kihamishie kwenye chombo cha kioo, kwa sababu uchachu hula bati mara hewa ikiingia. Na ukifika dukani ukakuta lebo haisemi nyanya zililimwa wapi, wala muuzaji hajui, usikubali kulipa bei ya Italia.