Feza ya Mwandishi Mkristu: Tumsome Péguy

Wengi wanaompenda Charles Péguy humjua kwa mashairi yake juu ya Yoana wa Arko na juu ya Bibi Yetu wa Chartres. Wachache tu wamesoma kijitabu chake kiitwacho L'Argent, maana yake Feza, kilichotoka mwezi wa februari 1913. Ni hasara, hasa kwetu sisi mapadri, waseminari na makatekista tunaoshika kalamu. Kwani humo mna swali tunalolikwepa kila mara: mtu anayeandika kwa ajili ya Mungu, atakula wapi?

Péguy alizaliwa Orléans mwaka 1873. Baba yake alikuwa seremala, akafa mtoto angali mchanga. Mama yake akamlea kwa kazi ya kusuka upya viti vya majani. Kijana alikuwa karibu kuelekezwa kwenye ufundi, ndipo mkubwa mmoja wa shule ya walimu, Bwana Naudy, akamwona, akampatia msaada wa mji ili asome kilatini. Kitabu hiki kilizaliwa katika shukrani hiyo. Naudy alikuwa ameandika juu ya shule za watoto, na Péguy alitaka kumtungia utangulizi mfupi tu. Utangulizi ukawa mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, hata leo watu wanaukumbuka wenyewe, na maandiko ya mwalimu yamesahauliwa. Ndivyo alivyokuwa: akianza kusema, hajui kunyamaza.

Kurasa bora ni zile za mama na viti. Péguy asimulia ya kuwa mafundi wa utoto wake walitaka mguu wa kiti uwe imara na mzuri, wala si kwa kuogopa bwana, wala kwa kumfurahisha mnunuzi, wala kwa kuhesabu mshahara. Hata upande usioonekana na mtu, waliufanya sawasawa na ule unaoonekana. Anasema ni moyo uleule uliojenga makanisa makubwa ya zamani. Mwandishi mwenye kusoma maneno hayo atajiuliza mara moja juu ya miguu ya viti vyake mwenyewe: ile habari ya mtakatifu aliyoiongezea miujiza ili ipendeze, yale mahubiri aliyoyanakili bila kuyafikiri, ule ukurasa aliourefusha kwa sababu analipwa kwa kurasa.

Lakini hapa hatari iko karibu. Nimesikia maneno haya yakitumiwa kumfunga mtu mdomo: fundi wa kweli hatazami mshahara, basi wewe andika bure. Péguy hakusema hivyo kabisa. Alisema kipimo cha kazi si mshahara. Hakusema mshahara si haki. Hayo ni mambo mawili. Mama yake alisuka viti vizuri, na viti vile vilimlisha mtoto. Angalieni pia jarida lake mwenyewe, Cahiers de la Quinzaine, yaani Madaftari ya kila siku kumi na tano, aliloliendesha kuanzia januari 1900 hata vita vya 1914. Alikuwa na desturi ya kumjulisha msomaji ya kuwa wapiga chapa wamelipwa kwa kiasi cha mafundi wa chama chao. Hakutaka maneno ya haki yapigwe chapa na watu walioonewa.

Tena yafaa kusoma maandiko yake mengine, ya mwaka 1902, yaitwayo De Jean Coste. Jean Coste ni mwalimu wa shule ya kijiji katika kitabu cha Antonin Lavergne: ana mke, ana watoto, ana madeni, na mshahara hautoshi. Nani katika makatekista wetu asiyemtambua ndugu huyo? Juu ya kisa hicho Péguy anatenga umaskini na ufukara. Umaskini una mpaka: mtu ana kidogo, lakini anajua kesho atakula, na katika kidogo hicho aweza kuwa huru. Ufukara hauna mpaka. Unakula akili, unakula sala, hauachi nafasi ya kufikiri jambo lingine. Kwake umaskini ni kama toharani, na ufukara ni kama jehanamu, maana hauna mlango wa kutokea. Basi kumtoa mtu katika ufukara ni wajibu unaotangulia mipango yote ya kupanga ulimwengu vizuri. Mimi naona hilo ndilo neno kubwa kuliko yote aliyoandika juu ya feza, kupita hata L'Argent. Nadhiri ya umaskini ni njia ya Injili. Nadhiri ya ufukara haipo katika Kanisa, na hakuna aliye na ruhusa ya kumwekea mwingine nadhiri hiyo.

Je, yeye mwenyewe aliishi namna gani? Hapo tusimfanye sanamu. Mwaka 1898 alitia mali ya mke wake, franka 40.000, katika duka la vitabu karibu na Sorbonne. (Kwetu mali hutoka upande wa mume, kule ilitoka kwa mke.) Muda si mrefu duka likaanguka, na mali ikaenda nalo. Sababu ilikuwa njema. Lakini feza ile ilikuwa mkate wa nyumba, na watoto walikuwa wanaanza kuzaliwa. Halafu, katika Cahiers, wapiga chapa walilipwa, lakini waandishi wenzake kwa kawaida hawakupata kitu. Romain Rolland alimpa Jean-Christophe, kitabu kirefu kilichotokea humo vipande vipande toka 1904 hata 1912. Mlizamu wa kalamu ulinyweshwa na wema wa wengine.

Kwa upande mwingine, tumpe haki yake. Wasomaji waliojiandikisha hawakuzidi sana elfu moja, na wengi wao hawakuwa watu wa dini. Mwaka 1910 alipotoa kitabu cha fumbo la mapendo ya Yoana wa Arko, akaonyesha wazi kwamba amerudia imani, alijua anagusa mfuko wake. Wako waliomwacha. Wakatoliki nao hawakuja kwa wingi kujaza nafasi zao. Angaliweza kuficha imani miaka michache, deni lipungue kwanza. Hakuficha. Mwaka 1911 marafiki walimwombea zawadi kubwa ya Akademi ya Ufaransa. Hakuipata, akapewa nyingine iliyo ndogo. Aliitamani ile kubwa, wala sioni aibu katika kutamani huko, kwa sababu hakubadili hata mstari mmoja ili aipate.

Sehemu dhaifu ya L'Argent ni mbili. Kwanza, anapamba siku za zamani kama wazee wetu wanavyofanya jioni. Ati wote walifanya kazi wakiimba, hakuna aliyehesabu. Mtoto hakuona nyumba za wagonjwa wala za walevi. Pili, anapoanza kugombana na walimu wakubwa wa Sorbonne, hasira yampoteza, na msomaji wa Kongo asiyejua majina yale aweza kuruka kurasa bila kupotewa na kitu.

Sasa tutazame kwetu. Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa nchi yetu katika nyakati hizi, aliyepata upadri mwaka 1917, alikuwa angali mseminari maandiko yake juu ya saikolojia ya Wabantu yalipotokea katika Revue congolaise, mwaka 1910 na 1911. Aliandika kwa bidii, na seminari ilimlisha. Sisi mapadri tuko katika hali hiyo hata leo: tukiandika, chakula kiko mezani. Mtume Paulo alishona hema ili asiwalemee Wakorinto, lakini katika barua ileile aliwakumbusha kwamba mhubiri wa Injili ana haki ya kuishi kwa Injili. Aliiacha haki yake mwenyewe. Hakuiacha haki ya wengine. Katekista hutunga nyimbo, na mchezo wa Noeli, na maombi ya wafu. Parokia nzima huzitumia. Siku zikipigwa chapa na kuuzwa, feza huingia katika sanduku la parokia, naye anaambiwa Mungu atamlipa. Bila shaka Mungu atamlipa. Lakini karo ya watoto inadaiwa mwezi wa septemba, na anayemwambia hivyo ni mtu asiyelipa karo.

Mseminari mwenye kujua kifaransa aanze na De Jean Coste, kisha asome kurasa za kwanza za L'Argent, polepole, kwa maana Péguy hurudia neno moja mara tano kabla ya kulisogeza. Yale yaliyofuata, L'Argent suite, ya aprili 1913, ni marefu zaidi na yana ugomvi zaidi; yanaweza kungoja. Yeye mwenyewe aliuawa vitani Villeroy, tarehe 5 septemba 1914, na Cahiers zikakoma pamoja naye.