Kekele, Pambo Lenye Kazi

Upande wa kaskazini-mashariki wa mji wa Kisangani, mwendo wa kilometa zipatazo 14 kwa njia ya zamani ya Buta, mto Tshopo hufanya tao kubwa kama mkono uliokumbatia kitu usichotaka kukiachia, na ndani ya kumbatio hilo ndimo ulimo msitu wa Masako, hekta 2105 za miti na kivuli, uliowekwa kuwa hifadhi mwaka 1953 katika zama za utawala wa Wabelgiji, jirani na kijiji cha Batiabongena, katika nchi ya Wakumu. Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanaujua msitu huu kwa miaka mingi, kwani ndani yake wametega panya wa mwituni, wakapima mashina, wakaandika majina ya majani kwa Kilatini. Mimi si mwanazuoni wa mimea. Kilichonipeleka Masako ni kiti.

Kiti hicho alikinunua marehemu mama yangu kwa mafundi wa Kisangani kabla sijaoa, na wajukuu wake wamekikalia, wamekipanda, wamekiangusha, wamekiburura uani wakati wa mvua, nacho kingali kimesimama kwa miguu yake minne pembeni mwa sebule. Vijana wa nyumbani, kwa heshima na kwa mapenzi, wamenishauri mara nyingi nikitoe na kuweka fotei za mahameli zenye vifungo vinavyometameta, kama zile zijazazo maduka siku hizi na ambazo ndizo zipambazo picha za arusi. Nami sikuwakatalia kwa ukali, kwa kuwa kupenda kipya si dhambi, na mtu anayeipamba nyumba yake amekwisha kusema kwamba anawatarajia wageni. Lakini shauri lao lilinitia katika tafakuri. Niliona ya kuwa nimekaa juu ya kiti hicho nusu ya umri wangu bila kujua kilitoka katika kitu gani, wala kwa nini hakijavunjika.

Kilitoka katika kekele. Hilo ndilo jina la mmea huo katika Kilingala na katika Kiswahili cha huku kwetu, na ndilo jina ambalo waimbaji wakongwe wa rumba ya Kongo, walipoungana kuwa kundi moja mwaka 2000, walijichagulia, wakachagua vyema. Ndugu zetu wa pwani huijua jamaa yake ya Asia kwa jina la henzerani, neno walilolipata kwa Waarabu, na aghalabu hulitaja katika habari za bakora. Majina haya mawili yalikutana kwenye maporomoko ya Kisangani, kwa sababu Kiswahili kilifika hapa na misafara ya watu wa pwani katika zama za Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliyefanywa mwaka 1887 liwali wa Stanley Falls, kama palivyoitwa hapa zamani. Ndiyo misafara iliyoleta lugha na nguo, na pamoja navyo minyororo ya watumwa, jambo ambalo mtu ayapendaye maneno hana ruhusa ya kulisahau.

Katika ukoo wa mimea kekele ni jamaa ya mnazi na mchikichi, nami hupenda kuifikiri kuwa ni mnazi uliokataa kusimama peke yake. Huota chini gizani, penye majani yaliyooza, na shina lake huvikwa ala zenye miiba, na ncha za majani yake hurefuka zikawa kama mijeledi yenye kulabu zilizogeukia nyuma mithili ya ndoana, ambazo kwazo hushika tawi, kisha tawi la juu yake, kisha la juu zaidi, hata siku moja, baada ya miaka, ikaliona jua juu ya vilele vya miti iliyoibeba. Afrika ina aina zake zipatazo 20 tu, ilhali Asia ina mamia. Walakini katika hizo chache zetu zimo jamaa mbili zitoshazo kuipa nyumba nzima mahali pa kukaa: Laccosperma, iliyo nene, itoayo kiunzi, na Eremospatha, iliyo nyembamba, itoayo nyuzi za kufungia na kusukia.

Mkataji hukata shina karibu na ardhi kwa panga, halafu huanza kazi iliyo ngumu kuliko kukata, nayo ni kuvuta. Kwani kulabu zile zilizoipandisha kekele hazikubali kuishusha, na mtu huvuta kwa uzito wa mwili wake wote, akapumzika, akavuta tena, huku vijiti vikavu na sisimizi vikimmiminikia kichwani, na sehemu ya juu, iliyo changa na laini, aghalabu hubaki huko huko ikining'inia. Ile aipatayo huivua ala na miiba, huikata vipande, huifunga mafungu, na mafungu hayo huja mjini juu ya baiskeli zisizo tofauti na zile ambazo watu wa Kisangani waliziita toleka zilipokuwa ndizo teksi zao, mwenyewe akienda kwa miguu ubavuni mwa mzigo ulio mrefu mara mbili kuliko chombo.

Fundi niliyeketi naye alikuwa mtu wa makamo aliyejifunza kwa mjomba wake, na karakana yake ni kivuli cha mwembe na bati moja la kuzuia mvua. Alichukua kekele nene iliyokwisha kukauka nusu, akaikwangua kwa kisu hata rangi yake ya asali ikajitokeza, akaipitisha juu ya moto, akiigeuza na kuigeuza, bila kuiacha mahali pamoja hata kwa muda wa pumzi mbili, kisha akaiingiza katika kalibu yake, yaani ubao wenye vigingi, na akaanza kuipinda. Nilidhani ataipinda kwa nguvu. Aliipinda kidogo, akangoja. Akairudisha motoni, akaipinda kidogo tena, akangoja. Nilipomwuliza kwa nini hamalizi, alinijibu bila kuinua macho: "Papa, kekele haiamriwi. Ukiiamuru inakubali mbele yako, na usiku ukilala inarudi ilivyokuwa." Nimekwisha kusoma vitabu kadhaa juu ya malezi ya watoto, na sikumbuki kuliona neno lililonipata kama hilo.

Viungo vya kiunzi alivigongea misumari, nami, niliyekuja na imani yangu ya kitoto kwamba kazi ya asili haijui chuma, nilisikitika kidogo. Mpaka nilipoona yaliyofuata. Alikuwa ameloweka majini kekele nyembamba alizozipasua mara nne na kuzitoa moyo wa ndani, ukabaki utepe wenye ganda ling'aalo upande mmoja, na utepe huo akaanza kuuzungusha penye kiungo, akiuvuta kwa meno na kwa mkono wa kushoto, mzingo juu ya mzingo, ukipita chini ya kiunzi, ukikatiza juu, ukirudi, hata msumari ukafunikwa usionekane tena, na mahali pake pakawa na nakshi ya misalaba midogo ambayo mwanamke yeyote ajuaye kudarizi angeitazama mara mbili. Msumari, alinieleza, unashika kwa muda tu, ili mikono yake iwe huru kufunga. Utakuja kula kutu. Utepe ndio utakaobaki, kwa maana umefungwa ukiwa umelowa, na kila siku ukaukapo hujikaza zaidi, hata kiungo kikawa kama kidole kilichoshikwa na pete iliyombana mwenyewe.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini kiti cha mama hakijavunjika. Nilikuwa nikiyahesabu mafundo yale ya kwenye mikono na miguu yake kuwa ni mapambo, uzuri uliozidishwa juu ya kazi iliyokwisha, kama almaria katika kanzu; kumbe pambo ndilo kazi yenyewe, na ukiliondoa pambo kiti kitaanguka. Tangu siku ile nimekuwa nikikitafuta kitu hiki kila mahali penye ufundi, na nimekiona. Wagenya, wavuvi wa hapo kwenye maporomoko ya mjini, husimamisha magogo yao katika mashimo ya miamba na kuyafunga kwa kamba za mwituni, wakatundika ndani ya maji yaendayo kasi yale matenga makubwa yenye umbo la pia, na mtalii apigaye picha huyasifu kwa umbo lake, ilhali kila msuko uliompendeza macho umewekwa pale ili mto usiondoke na samaki pamoja na tenga. Na huko Lamu na Unguja, katika kiti cha enzi, kiti cha mgeni wa heshima, mpingo mweusi hupambwa kwa vipande vya pembe au mfupa, mambo ya fahari tu; lakini mle mnamokaliwa na mnamoegemewa ni uzi uliosukwa, na uzi huo, ulio mnyenyekevu kuliko vyote, ndio umchukuao mgeni.

Walimwengu wameupenda msuko wa henzerani, wakauchoka, wakaupenda tena. Katika miaka ya 1840 Cyrus Wakefield wa Boston aliona henzerani zimetupwa gatini, zilizokuwa zimetumika kukazia shehena ndani ya majahazi yatokayo Asia, akaziokota, na kwa takataka hizo akajenga kiwanda. Mwaka 1859 Michael Thonet alitoa kiti chake nambari 14, cha mti uliopindwa kwa mvuke, kikaliwacho juu ya henzerani iliyosukwa, na kabla ya mwaka 1930 kilikuwa kimeuzwa kwa makumi ya mamilioni. Viti ambavyo Pierre Jeanneret alivibuni katika miaka ya 1950 kwa ajili ya ofisi za Chandigarh huko Uhindi, vya msaji na henzerani, vilikuja kurundikwa nje kama vyombo vibovu, na leo matajiri hushindania vivyo hivyo minadani. Na katika miaka hii ya karibuni henzerani imerudi tena katika nyumba za Ulaya na Marekani, katika makabati, vitanda na taa, ila baadhi ya kile kiitwacho henzerani ni plastiki iliyosokotwa kuiiga. Ina msuko, lakini msuko huo haushiki kitu, kwa maana chini yake kuna chuma kilichokwisha kuungwa, nao umevishwa juu kama nguo.

Sisemi kwamba kila pambo lazima libebe mzigo. Kitenge kinachochapishwa kila mwaka kwa ajili ya tarehe 8 Machi, ambacho wanawake wa Kisangani hukivaa kwa maelfu barabarani, hakina kazi ila furaha, na mwaka ujao kitakuja kingine, na hivyo ndivyo ipasavyo. Nguo hufuata siku, nyumba hukaa miaka, na kosa langu na la wengi wa rika langu ni kuipamba nyumba kana kwamba ni nguo.

Lipo jambo jingine ambalo fundi hakuniambia, nikaliona mwenyewe njiani nikirudi kutoka Masako: magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya njia, na nyuma yake mashamba mapya yaliyofyekwa na kuchomwa, yakisogea mwaka baada ya mwaka kuelekea kwenye mti uliosimama. Masako ina jina la hifadhi, lakini mji ulio karibu una njaa na moto wa kupikia, na sitamlaumu mama auzaye gunia ili mwanawe asome. Nasema tu kwamba kekele haiwezi kupandwa uwanjani kama mhogo. Haina mahali pa kwenda pasipo mti wa kuipandisha. Mti ukianguka, hubaki ikitambaa chini, fupi na yenye kupindika ovyo, isiyofaa hata kwa kikapu. Mkataji mwenye busara huacha machipukizi katika kila kichaka, nayo huinuka tena. Lakini busara yake haina faida ikiwa cha kupandia hakipo.

Basi msomaji, ukifika Kisangani na kuviona viti vimepangwa kando ya barabara, usiridhike kwa kuvitazama kwa mbele. Omba ruhusa kwa fundi, ukipindue kiti, uangalie chini yake, mahali ambapo mgeni hatapaona kamwe. Ukikuta misumari mitupu, kirudishe taratibu mahali pake na umwage kwaheri. Ukikuta utepe umefungwa huko chini kwa uangalifu uleule wa juu, misalaba yake imekaa sawa na ncha yake imefichwa, usipatane bei. Mlipe ile aliyoitaja.