Kisu cha Kukunja: Pa Kutazama Kabla ya Kutoa Pesa

Kisu cha kukunja kina udhaifu ambao kisu cha jikoni hakina: kimekatika katikati. Pale bapa linapokutana na mpini pana tundu, pini na komeo la kulizuia lisijifunge, na ni hapo kazi ya fundi hodari inapotengana na kazi ya kulipua. Mpini unaweza kuwa wa pembe au wa lulu. Kiungo kikiwa kibovu, hilo ni pambo la kabatini. Wanunuzi wengi wa visu vya bei kubwa, vile vya dola 200, 400 na kuendelea, huanza kuuliza jina la chuma na rangi ya mpini, na kiungo hukikumbuka wakishalipa.

Anza na kiungo. Fungua kisu, shika mpini kwa mkono mmoja, na kwa vidole viwili vya mkono wa pili libane bapa upande wa mgongo, ulisukume kushoto na kulia, kisha juu na chini. Fundi wa magari hutikisa gurudumu kujua kama beringi ina mchezo. Hapa unatafuta kitu hichohicho. Kisu cha bei kubwa hakitakiwi kucheza kabisa. Mchezo wa upande mara nyingi huondoka ukikaza skrubu ya pini, lakini ule wa juu na chini unatokana na komeo lenyewe, na huo bisibisi haiutibu. Kisha kifunge na ukitazame kwa upande yanakoingia makali. Bapa likae katikati ya kuta mbili za mpini. Likiegemea upande mmoja, basi washa, vile vipete vinavyolitenga bapa na kuta za mpini, hazilingani unene, au tundu la pini lilitobolewa likiinama.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni hili: kaza skrubu mpaka mchezo uishe, halafu fungua na kufunga. Kisu cha kulipua kikikazwa kinakuwa kizito kufunguka, kikilegezwa kinacheza, na mwenye nacho anabaki kuchagua kasoro atakayoivumilia. Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeanzia kazi hii Durban na kuhamia Boise, jimbo la Idaho, Marekani, mwaka 1989, alilimaliza tatizo hilo katika kisu chake kiitwacho Sebenza. Kwenye toleo la Sebenza 21, pini imevikwa bomba dogo la chuma lenye urefu uliopimwa ulingane na unene wa bapa pamoja na washa zake mbili. Skrubu unaikaza mpaka mwisho, inalibana bomba, na bapa linabaki huru kuzunguka. Hakuna cha kubahatisha. Bomba hilo likizidi urefu kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, kisu kinacheza; likipungua, kinakwama. Kulipima kila moja kwa usahihi huo kunahitaji mashine nzuri na mtu mwenye subira, na hapo ndipo inapokwenda sehemu kubwa ya bei.

Reeve ndiye pia aliyeleta komeo ambalo sasa limeigwa kila mahali. Ukuta mmoja wa mpini wa titani umechanjwa kwa urefu, na ule ulimi uliopatikana hujipinda kwa ndani na kusimama nyuma ya shina la bapa. Mpini wenyewe ndio springi. Ukikibana kisu kwa nguvu, vidole vyako vinalisukuma komeo lizidi kushika. Ukinunua kisu cha aina hii, tazama ulimi umesimama wapi. Katika kisu kipya ukae kwenye theluthi hadi nusu ya upana wa shina. Ukiwa umeshavuka hadi karibu na ukuta wa pili, hakuna nafasi ya kuchakaa, na huyo muuzaji muage. Titani ni laini kuliko chuma cha bapa, hunata na hulika, ndiyo maana toleo la Sebenza 31 limewekewa tufe dogo la kauri kwenye ncha ya ulimi.

Visu visivyo na komeo vina kipimo chake. Hivi vinashikwa na springi ndefu ya mgongoni peke yake, kama visu vya jadi vya Sheffield, Uingereza, na vile vya Laguiole, kijiji cha Aveyron, Ufaransa. Pitisha ukucha mgongoni, pale springi inapokutana na mpini, kisu kikiwa kimefungwa, kikiwa nusu, na kikiwa wazi kabisa. Ukucha usikwame popote katika hali zote tatu. Vichache vinavyopita mtihani huo vimetengenezwa na mtu anayejua kushika tupa. Laguiole za jadi zina adabu yake ya pekee: usiliache bapa lijifunge kwa kishindo, maana makali yanaweza kugonga springi na kupata pengo. Na jina hilo kwenye bapa lisikutoshe. Kwa miaka mingi limepigwa chapa kwenye visu vya kila kiwanda, vingi vikiwa havijawahi kuiona Ufaransa.

Kuhusu raha ya mkono, duka ni mahali pabaya pa kuamulia. Kila kisu kizuri kinatua vizuri mkononi kikishikwa kwa dakika moja. Omba kipande cha mti, uchonge kwa nguvu mpaka kiganja kipate joto, ndipo kisu kitasema kweli. Kitu cha kwanza kulalamikiwa na kiganja huwa ni kibanio, ule ulimi wa chuma wa kupachikia kisu mfukoni. Ncha yake ikiwa imeinuka, itakuchoma chini ya kidole cha pete. Kinachofuata ni kingo. Pitisha kidole gumba kwenye ukingo wote wa mpini na mgongo wa bapa, polepole. Fundi makini huziua pembe kali kwa msasa hata mahali ambapo mteja hatazami, hasa pale kidole cha shahada kinapokaa, karibu na mwanzo wa makali.

Mipini iliyochongwa mashimo ya vidole siipendi. Imechongwa kwa kufuata mkono wa mtu mmoja, na ukibadilisha mshiko, kilichokuwa shimo kinakuwa kigongo. Mpini wa duara wenye tumbo kidogo humfaa kila mtu, na ushahidi ni Opinel, kisu cha wakulima wa Savoie, Ufaransa, ambacho Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890. Mpini wake ni mti wa kawaida usio na kibanio wala nakshi, na pete ya chuma inayozungushwa kulifunga bapa iliongezwa mwaka 1955. Kwa kazi ya saa nzima, mkono wangu unakichagua hicho mbele ya visu vingi vya titani vinavyouzwa mara 20 ya bei yake. Kasoro yake tunaijua sisi wa pwani: masika yakiingia, mti unavimba na bapa linakwama. Dawa yake wakulima wa Savoie waliijua zamani: gonga kitako cha mpini mezani, bapa litachungulia nje.

Raha inahusu bapa pia, na hili husahauliwa. Chukua muhogo mbichi ulioumenya. Bapa jembamba linapita hadi chini. Bapa nene linaingia kidogo, kisha muhogo unapasuka wenyewe kwa mlio, na sehemu iliyopasuka haina uso laini. Visu vingi vya bei kubwa vina bapa la milimita 4, kwa kuwa unene unaonekana kama uimara kwenye picha. Tazama unene wa chuma juu kidogo ya makali. Ukizidi nusu milimita kwa kiasi kikubwa, utakuwa unapasua vitu maisha yako yote, hata chuma kiwe cha namna gani.

Na chuma chenyewe? Jina lake ni la pili. La kwanza ni jinsi kilivyochomwa na kupozwa. S30V, chuma cha unga kilichotolewa na kampuni ya Crucible ya Marekani mwaka 2001 kwa ushauri wa huyuhuyu Reeve, kina asilimia 4 ya vanadi. Kinatunza makali muda mrefu, ila kinoo cha kawaida kinakihangaikia. Utahitaji jiwe la almasi. Kwa anayeishi Lamu au Unguja, hewa ya chumvi ni hoja kubwa kuliko muda wa kutunza makali. Opinel ya chuma cha kaboni iliyokata ndimu ikaachwa bila kufutwa inabadilika rangi siku hiyohiyo. Kwa wavuvi kuna vyuma kama LC200N, ambavyo nitrojeni imechukua nafasi kubwa ya kaboni, na kutu haivipati kwa urahisi.

Umaliziaji utazame mahali ambapo muuzaji hakuonyeshi. Elekeza taa ndani ya mpini: kuta za ndani ziwe safi, bila michirizi ya mashine wala mabaki ya gundi. Geuza kisu ulinganishe pande mbili za bapa. Mstari wa makali uwe na upana mmoja kutoka kitako hadi ncha, kulia na kushoto. Bapa lenye mawimbi ya chuma cha matabaka lazima liendeleze mawimbi hayo hadi juu ya mgongo. Yakiishia ubavuni, yamechapwa. Rangi za buluu na zambarau kwenye titani hazina rangi ya kupaka ndani yake. Ni tabaka jembamba la oksidi lililokuzwa kwa umeme, na unene wake ndio unaoamua rangi. Linapendeza, lakini kwenye kingo litafutika kwa kutumika, kwa hiyo usililipie kana kwamba ni la kudumu.

Mpini wa mti unanigusa zaidi, kwa kuwa mmoja wa miti bora kuliko yote duniani kwa kazi hii ni mpingo wetu, wa Lindi na Ruvuma. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, na hung'aa kwa kusuguliwa tu, bila vanishi. Mpingo uliokaushwa haraka hupasuka baadaye, kwa hiyo chunguza kuzunguka riveti, ambako nyufa huanzia, na upitishe ukucha pale mti unapokutana na chuma. Uliza pia umetoka wapi. Tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya jamii hiyo ya miti iko chini ya masharti ya mkataba wa CITES, na katika wilaya ya Kilwa vipo vijiji vinavyovuna mpingo wa misitu yao kwa utaratibu uliothibitishwa. Fundi anayejali atakuwa na jibu.

Thamani, kwa msomaji wa huku, ina hesabu ya ziada. Dhamana ya maisha ya kiwanda cha Marekani inapoteza nguvu ukishalipa posta ya kwenda na kurudi, na pengine ushuru. Kwa hiyo kisu unachoweza kukifungua mwenyewe kwa ufunguo mdogo wa kawaida, ukakisafisha, ukapaka grisi na kukirudisha kikakaa sawasawa, kina thamani kuliko kinachohitaji kifaa cha kiwanda. Msomaji wa Uingereza ana hesabu nyingine: huko, kisu kinachobebwa hadharani bila kuhitaji sababu ni cha kukunja kisicho na komeo, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Sebenza haimo humo, na Opinel yenye pete pia haimo.

Uamuzi wangu ni huu. Mwenye pesa kidogo achukue Opinel namba 8 ya chuma cha pua, atakula nayo na kufanya nayo kazi miaka mingi. Mwenye nazo achukue Sebenza ndogo ya titani tupu, isiyo na mti, rangi wala nakshi, kwa muuzaji aliyeidhinishwa na kampuni, maana bandia zake ni nyingi. Pesa ya juu ya hapo inanunua urembo, na urembo ni halali kuulipia ilimradi ujue unachonunua. Ila chochote utakachochagua, usilipe kabla hujakitikisa.