Mkazo Pasipofaa: Uhakiki wa Istilahi za Upungufu wa Damu

Makala haya yanahakiki istilahi tatu za tiba: anemia, lukemia na iskemia. Huko Bukirasazi, mkoani Gitega, mgonjwa huzungumza Kirundi nyumbani, ilhali Kifaransa ndicho lugha ya maandishi ya tiba. Aliyerejea kutoka kambi za Tanzania huja na Kiswahili pia. Istilahi zinazovuka lugha hizo zote sharti zitofautishike sikioni.

Hizi hazitofautishiki kwa urahisi. Zote zimejengwa juu ya neno la Kigiriki lenye maana ya damu, na kinachozitenga ni mianzo yake: an- hukanusha, leuko- ni weupe, iskho- ni kuzuia. Kiswahili, hata hivyo, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hivyo silabi inayosikika zaidi ni -mi-, ambayo istilahi zote zinaichangia, na zile zinazobeba tofauti hutamkwa bila mkazo. Utohozi umehifadhi umbo, ukapoteza kazi.

Je, "upungufu wa damu" ni suluhisho? Kwa maoni yetu, tafsiri hiyo huhamisha utata kutoka kwenye sauti hadi kwenye maana. Anemia ni upungufu wa hemoglobini. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani huitambua ikiwa chini ya gramu 120 kwa lita. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua amepungukiwa na damu yenyewe, lakini kipimo cha hemoglobini chaweza kubaki cha kawaida mwanzoni, kwa kuwa seli na majimaji ya damu hutoka pamoja. Barua ya rufaa inayowaita wote wawili wenye "upungufu wa damu" yaweza kumfanya huyu wa pili asubirishwe. Katika iskemia, damu yaweza kuwa tele mwilini, ila haifiki kiungoni ipasavyo.

Kielelezo bora tunacho: selimundu, neno linalounganisha seli na mundu, na msikilizaji akaliona umbo la seli yenyewe. Kwa mwelekeo huo tunapendekeza upungufu wa hemoglobini, saratani ya damu, kutokwa damu nyingi, na kiungo kukosa damu. Ni ndefu zaidi, lakini kila moja huanza kwa neno lake lenye mkazo wake. Penye uhai wa mgonjwa, ufupi si sifa ya kwanza ya istilahi.