Shaaban Robert na Sauti ya Siti binti Saad

Mwaka 1922 mtoto mmoja wa Machui, karibu na Tanga, aliingia shule ya Msimbazi mjini Dar es Salaam, akasoma hapo hata mwaka 1926. Mji ule ulikuwa umegawanywa kwa amri ya serikali: maduka ya Wahindi upande wa Mchafukoge, nyumba za Waafrika upande wa Kariakoo, na kati yao uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi makusudi. Kuuvuka uwanja huo kulikuwa ni kutoka ulimwengu mmoja na kuingia mwingine, ijapokuwa miguu haikuchoka. Mwanafunzi huyo, Shaaban Robert, ndiye aliyekuja kuandika maisha ya mwanamke ambaye naye alivuka mpaka wa namna hiyo. Yeye alitoka shamba akaenda mjini Unguja, vyungu kichwani.

*Wasifu wa Siti binti Saad* ulitolewa mwaka 1958 na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ile iliyogeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964. Yafaa ikumbukwe jambo hilo lilikuwa zito kiasi gani. Kumwandikia kitabu mwimbaji, tena mwanamke, tena mtoto wa watu wanyonge, halikuwa jambo la kawaida siku zile. Mtungaji, aliyekuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, alionana na Siti mwenyewe muda mfupi kabla bibi huyo hajafariki tarehe 8 Julai 1950. Heshima aliyompa ni ya kweli, na kila anayeandika juu ya muziki kwa Kiswahili ana deni kwake.

Lakini heshima si usikivu. Siti alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Baba yake Mnyamwezi, mama yake Mzigua. Alifinyanga vyungu, akavipeleka mjini kuviuza, na alipokuwa akivinadi sauti yake ilifika majumbani kabla yake. Hapa ndipo mhakiki angetaka mtungaji atue mzigo. Kunadi ni ufundi. Mwuzaji hutupa sauti impate mtu aliye nyuma ya ukuta, asiyemwona wala asiyejua anauza nini; huvuta silabi ya mwisho, hupumua pale ambapo msikilizaji hatatambua. Aliyepita Kariakoo asubuhi anaujua ufundi huo bila kufundishwa. Baadaye Siti alipata mwalimu, Ali Muhsin, akajifunza kusoma Kurani na kuimba. Basi koo lake lilipitia vyuo viwili, barabara na msahafu, na hapana shaka nguvu yake ilitokana na kukutana kwa viwili hivyo. Shaaban Robert anaviona vyote, ila anavipita mbio kwa kuwa anaharakisha kufika kwenye tabia njema, subira na bahati. Safari ya mjini inakuwa ngazi ya adili, na vyungu vinakuwa ushahidi wa unyonge tu.

Vivyo hivyo kwa wenzake. Mwaka 1928 Siti alikwenda Bombay kuimba katika santuri, na katika kundi lake walikuwamo Subeti Ambari, Budda Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban. Msomaji akitaka kujua udi uliitikiaje sauti, au wimbo ulioendelea usiku kucha nyumbani Ng'ambo ulikatwaje uenee upande mmoja wa santuri wenye dakika tatu hivi, atapata machache. Mshairi alisikiliza maneno. Kosa hilo halikuwa lake peke yake: kwa muda mrefu wanafunzi wa Kiswahili waliufanya wimbo kuwa shairi lililopatwa na ajali ya kuimbwa.

Hasara yake yaonekana katika wimbo wa *Kijiti*. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya starehe na siasa za mji wa Unguja, alikaa na wazee walioukumbuka wimbo huo, wakamweleza kisa chake. Mwanamke mja mzito alitoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea; akachukuliwa kwenda kustarehe, akanajisiwa na kuuawa. Mwuaji alikimbilia bara, na walioadhibiwa ni wanawake waliofuatana naye. Maneno yakisomwa peke yake huonekana kama onyo kwa wanawake wanaopenda matembezi. Wale wazee walisikia jingine kabisa, yaani lawama juu ya mahakama iliyowafunga mashahidi na kumwacha mwenye kosa.

Inashangaza, maana mtungaji wa *Kusadikika*, aliyemsimamisha Karama barazani ajibu mashtaka, hakuwa mgeni wa maneno ya aina hiyo. Alikuwa na jicho la kuona hukumu mbovu. Hata hivyo katika *Wasifu* uzito umewekwa juu ya mwimbaji kama kielelezo, si juu ya kesi alizoziimba. Pengine alichelea kuwa kumtaja Siti pamoja na mauaji na ulevi kungemrudisha mikononi mwa wale waliomdhihaki kwa asili yake ya shamba. Kama ndivyo, alimkinga vyema, lakini akamfunika mdomo kidogo. Mwanamke yule wa Dar es Salaam, aliyepanda chombo akitazamia siku chache za furaha, aliimbiwa na Siti zaidi ya alivyoandikiwa na mtu yeyote wakati ule.