Kambare Nje ya Kapu: Uyahudi wa Kristo katika Sanaa ya Kidini

Mitumbwi inapofika Vitshumbi, kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Edward, makorongo hukusanyika kungojea matumbo ya samaki, na wavuvi hutenga tilapia upande huu na kambare upande ule. Wote wawili wana wanunuzi. Ni Wasabato tu ambao hawamli kambare, na sababu yao ni ya kale kuliko kanisa lolote.

Mtu aliyezoea kazi hiyo hahitaji kufafanuliwa mfano wa juya katika Mathayo 13, ambamo wavuvi huketi ufukoni wakachagua samaki wema na kuwatupa wabaya. Hata hivyo, liko jambo linalompita. Ziwa la Galilaya nalo lina tilapia na kambare. Na Torati, katika Walawi 11, yamharamisha kila samaki asiye na mapezi na magamba. Kambare ana mapezi, hana magamba. Wafafanuzi wengi huona kwamba wabaya wa mfano ule si samaki waliooza, bali ni hao walioharamishwa. Msimulizi alikuwa Myahudi akizungumza na Wayahudi, na mfano wake umesimama juu ya sheria yao.

Je, sanaa ya Kikristo ya Afrika Mashariki na Kongo imempa mtazamaji wake nafasi ya kuliona hilo? Kwa sehemu kubwa, la. Kazi iliyo bora katika sanaa hiyo ni michoro mitano ya ukutani ambayo Elimo Njau aliikamilisha mwaka 1959 katika kanisa la Murang'a, nchini Kenya, kuanzia Kuzaliwa hadi Kusulubiwa. Njau, aliyesomea Makerere, alimweka Kristo katika mandhari ya Wagikuyu, akampa ngozi nyeusi. Ulikuwa ushindi halali. Kristo wa picha za wamisionari, mwenye macho ya buluu, hakuwa wa Galilaya hata kidogo, na Njau hakuwa na deni kwake. Kasoro iko kwa waliofuata mkondo huo kwa wepesi: walimvua Kristo Uzungu, wakadhani kwamba chini yake hapakuwa na vazi jingine. Kongo jambo hili lashangaza zaidi, kwani Misa ya Kizaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, huwaita wahenga wawe pamoja na waumini. Kanisa linalowaenzi wahenga kiasi hicho lingetarajiwa kuwakumbuka wahenga wa Yesu, ambao Mathayo huwataja kwa majina tangu sura ya kwanza.

Wachoraji Wayahudi wa Ulaya hawakuweza kusahau. Max Liebermann alipoonyesha mjini Munich, mwaka 1879, picha ya Yesu wa miaka 12 hekaluni akiwa mvulana wa Kiyahudi wa kawaida, ghadhabu ilifika hadi bunge la Bavaria, na hatimaye mchoraji akampaka upya. Marc Chagall hakurudi nyuma. Katika picha yake ya mwaka 1938, iliyohifadhiwa Chicago, kiunoni mwa msulubiwa pamefungwa shali ya sala ya Kiyahudi. Chini yake kuna kinara cha mishumaa. Kandokando sinagogi linateketea na mashua imesheheni watu wanaokimbia. Mtazamaji wa Kivu ya Kaskazini, ambako tangu mapigano ya Masisi ya mwaka 1993 asili ya mtu imetosha kumpotezea uhai, hahitaji mkalimani hapo. Yule aliye msalabani ana kabila, na kabila lake ndilo linalochomewa nyumba.

Hakuna anayemtaka mchoraji wa Vitshumbi auache ufuko wake. Mitumbwi na ibaki, na makorongo pia. Raphael mwenyewe, alipochora uvuvi wa muujiza yapata mwaka 1515, aliwasimamisha korongo mbele kabisa ya picha. Kinachodaiwa ni kidogo: vishada katika pindo la vazi, kama vilivyoamriwa katika Hesabu 15, na kambare mmoja, mzima na mnono, akiwa nje ya kapu. Mvuvi atauliza kwa nini samaki mwenye bei anatupwa, na padri itambidi afungue Walawi.